Bamba la Sir Lambert

Kaka yangu Silas Lorne alifungwa kwa kusoma kitabu. Hakukiandika, hakukichapa, wala hakukiiba. Alikisoma kwa sauti katika kilabu cha Chiriku Watatu, mbele ya wachukuzi na wafumaji wasiojua herufi, na wakati huo mwenye kukiandika alikuwa hai, amenenepa, ana kiti chake Bungeni na gari lake la farasi wanne. Hasira hasara, watu husema. Mimi hasara niliipata kwanza, hasira ikaja baadaye, na mpaka leo haijaniaga.

Mwandishi huyo ni Sir Lambert Oakshott. Alipokiandika hakuwa Sir. Alikuwa wakili kijana, koti limepauka viwikoni, anasimama juu ya pipa sokoni na kuhutubia mpaka sauti inakauka, nasi tukimwita Lambert wetu. Kitabu chake kilihusu ridhaa: kwamba serikali haina haki juu ya mtu ambaye hajaikubali, awe bwana awe mchota maji. Mzee Pellow, mchongaji wa picha katika uchochoro wetu wa Garner, nyuma ya kanisa kuu la Mtakatifu Paulo, alimchonga kwenye bamba la shaba. Shingo wazi, nywele zake mwenyewe bila wigi, na macho yanayokukazia kama ya mtu aliyekuuliza swali na bado anangoja jibu. Chini yake mzee akachonga maneno ya kitabu: *Anayetawaliwa bila ridhaa yake ameibiwa, hata kama amelishwa.*

Chapa za bamba lile zilienea London nzima. Ukiingia kwa kinyozi, Lambert. Ukiingia kilabuni, Lambert, katundikwa juu ya meko, kakolea moshi. Mama yetu alimbandika juu ya pipa la unga na kila asubuhi alimsalimu kabla hajatusalimu sisi.

Silas alikuwa mshona viatu. Alikwenda dukani kwa mzee Pellow kununua picha hiyo, akamkuta binti wa mzee, Thomasin, anachonga mikunjo ya joho la askofu fulani. Siku ya pili akarudi, akasema picha imelowa mvua, apewe nyingine. Siku iliyofuata akaja kusema ile nyingine imeliwa na panya.

Thomasin akamwambia, "Kaka, sema tu unachokitaka. Tutamaliza karatasi."

Wakaoana. Mzee Pellow alipofariki, duka na mabamba yakabaki kwa Thomasin, ambaye mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wa baba yake, nami nikahamia kwao kuendesha mtambo wa kuchapia. Wifi yangu anachonga. Mimi napaka wino, nafuta bamba kwa kiganja, nalaza karatasi yenye unyevu na kuvuta mikono ya gurudumu kwa uzito wa mwili wote. Ni kazi ya kuvunja mgongo. Lakini pale ndani tulicheka sana, na kwenye kona Silas alikuwa na kiti chake, anagonga soli na kutusomea.

Miaka ikapita. Lambert akawa mbunge, akawa mshauri wa mawaziri, akapewa huo u-Sir. Vita na Wafaransa vikaanza, mkate ukawa ghali na mwembamba, watu wakaanza kukutana viwanjani kuuliza maswali. Serikali ikaogopa. Ukaletwa mswada Bungeni: watu wasikusanyike bila kibali, na maneno yoyote yatakayowafanya wananchi waichukie serikali yawe kosa la jinai, yawe ya kuandikwa au ya kutamkwa. Aliyesimama kuutetea mswada huo, kwa ile sauti yake tamu, alikuwa Sir Lambert Oakshott.

Silas hakuamini. "Wamemsingizia," alisema, midomo imebana misumari ya viatu. "Magazeti haya yanaandika kinachowapendeza wenye nayo."

"Kautetea mwenyewe," Thomasin akamjibu. "Kasimama pale, watu wanamwona."

"Basi ana mbinu. Kaingia kwao ili auvuruge kwa ndani. Mtu aliyeandika kile kitabu hawezi kufanya hivyo."

"Mume wangu, mtu aliyeandika kile kitabu alikuwa anatembea kwa miguu."

Silas akatema misumari kiganjani, akainama kwenye kiatu chake.

Mswada ukawa sheria. Jumamosi ya kwanza baada ya hapo Silas alikwenda Chiriku Watatu kama kawaida yake, na mimi nilikuwepo. Alisimama chini ya picha, akafungua kitabu. Mwenye kilabu akamsogelea na jagi mkononi.

"Silas, ndugu yangu, leo tusomee habari za mbio za farasi."

"Nitasoma alichoandika mtunga sheria mwenyewe," Silas akasema. "Nani atanikamata kwa maneno yake?"

Akasoma. Alifika kwenye mstari ule wa ridhaa, watu wakautamka pamoja naye kama walivyozoea, na wanaume wawili waliokuwa karibu na mlango, ambao bia yao hawakuigusa tangu waingie, wakainuka wakamshika.

Mahakamani hakukana. "Bwana jaji," alisema, "maneno niliyosoma ni ya Sir Lambert Oakshott."

"Mahakama inajua ni ya nani," jaji akasema. "Sir Lambert aliwaandikia watu wenye uwezo wa kufikiri. Wewe umewasomea wachukuzi."

Waliokaa viti vya mbele wakacheka. Nilikuwa nyuma kabisa, nimesimama, na nilikariri kila uso uliocheka. Silas akapewa miaka miwili.

Gereza lile sitalitaja. Tulimpelekea mkate na supu ya njegere, mlinzi anachota kwanza, kinachobaki ndicho kinampata mfungwa. Maji yalikuwa yakitoka kwenye kuta. Kabla ya majira ya baridi kwisha, Silas alikuwa anakohoa kwa namna ambayo hata walinzi walikuwa wakigeuka kumtazama, na kitambaa chake kilikuwa na madoa ambayo alikuwa akiyaficha tukija.

Ndipo Bwana Crale alipokuja dukani kwetu. Alikuwa karani wa Sir Lambert, kijana mwembamba mwenye soksi nyeupe, anayeruka madimbwi ya uchochoro wetu kama kuku. Akavua kofia.

"Sir Lambert anazikusanya kazi zake zote zichapwe upya," alisema. "Vitabu vizuri, ngozi ya ndama. Mbele anataka picha mpya, na angependa ichongwe na binti wa yule aliyemchonga mwanzo. Pia angependa alipate lile bamba la zamani. Ana mapenzi nalo. Angetaka alitunze."

"Alitunze au aliyeyushe?" nikauliza.

Akanitazama, kisha akamtazama Thomasin. "Huyu ni nani?"

"Wifi yangu. Ndiye anayevuta mtambo. Mtazame mikono kwanza halafu ndiyo umjibu."

Crale akamsogelea Thomasin. Akashusha sauti. "Nimesikia mumeo hana afya. Sir Lambert ni mtu mwenye moyo. Neno lake likifika panapohusika..." Akaacha hapo, akapangusa ukingo wa kofia yake.

Thomasin aliweka kichongeo chini. Kisha akasema, "Picha nitaichonga. Habari ya bamba la baba tutaongea kazi ikiisha."

Crale alipotoka nilifunga mlango kwa kishindo mpaka vioo vikalia.

"Wifi, umekubali?"

"Nimekubali."

"Utakaa hapa na kichongeo chako umrembe nyusi yule mtu, na mumeo anatapika damu?"

"Nitamremba nyusi. Na masharubu nitamwekea, akitaka."

"Huna haya."

"Haya ninayo, Keziah. Mume ndiye sina. Nipe mume kwanza, hiyo haya tutaitafuta baadaye."

Hatukusemezana siku nyingi. Nilikuwa nikisaga wino huku nimempa mgongo. Yeye aliinama juu ya shaba mpya aliyoletwa kutoka kwa Sir Lambert, bamba limeegemea mto wa ngozi, analizungusha taratibu chini ya ncha, na vinyuzi vya shaba vinajikunja na kuanguka. Nilitamani achonge vibaya. Hakuweza. Wigi lilitokea unywele kwa unywele, joho likatokea na uzito wake, na katikati ukatokea uso wa mzee mnene mwenye macho yaleyale ya kijana wa juu ya pipa. Hilo ndilo lililonikasirisha zaidi, kwamba alikuwa bado anafanana.

Sir Lambert alitaka kuiona chapa ya majaribio na kuisahihisha akiwa amekaa mbele ya mchongaji. Tukaenda nyumbani kwake, Thomasin na kisanduku cha vifaa, mimi na bamba lililofungwa kwa kitambaa cha flaneli. Chumba kilikuwa na moto mkubwa kuliko wa jiko la mwokaji, kinanukia chokoleti. Mwenyewe alisimama kutupokea. Watu wakubwa wengi hawafanyi hivyo. Kiti hakutupa.

"Binti Pellow," alisema. "Baba yako alinichonga nikiwa na njaa. Natumaini leo unaona mabadiliko."

Crale akacheka. Sisi hatukucheka.

Akaishika chapa, akaipeleka dirishani, akaitazama kwa muda mrefu. "Ni kazi kubwa hii. Kasoro ni macho. Makali mno. Yatulize kidogo."

"Ndivyo yalivyo, bwana," Thomasin akasema.

"Ndivyo yalivyokuwa. Atakayefungua kitabu changu nataka aone mtu aliyewahurumia wenzake."

Thomasin alikuwa ameshatoa kifaa cha kulainishia shaba. Akakiweka juu ya kisanduku. "Bwana, mume wangu ni Silas Lorne. Amefungwa kwa kusoma kitabu chako cha ridhaa. Anakohoa damu. Nimekuja kukuomba useme neno."

Sir Lambert hakushtuka wala hakuona aibu. Alifumba macho, na pale aliposimama, mgongo kwenye moto, akaanza kuusema ule ukurasa kwa moyo. Alijua kila neno, na pumzi ya kila neno. Sauti ile ilikuwa bado sauti ile. Alipofika kwenye mstari uliochongwa chini ya picha, machozi yalikuwa yakimlengalenga.

"Kilikuwa kitabu kizuri," alisema. "Sijafuta humo hata neno moja, na sitafuta. Ni kweli tupu. Lakini kweli ni moto, mama. Mtoto hapewi moto achezee."

"Silas ana nywele za mvi."

"Nausema umma, simsemi mtu mmoja."

"Bwana Crale alituambia kwamba neno lako..."

"Crale alisema hivyo?" Akamgeukia karani wake, ambaye alikuwa anachunguza zulia. "Basi alikosea sana. Fikiri mwenyewe. Nikimfungulia mtu gereza kwa sababu mkewe ananichonga vizuri, hiyo itaitwaje? Itaitwa hongo. Maisha yangu yote nimepigana na hongo."

Alilisema kwa upole, kama mwalimu anayemwelekeza mtoto aliyekosea hesabu. Na naapa alijiona msafi. Angekuwa ametutukana, angekuwa ametufukuza, ningeondoka na hasira ya kawaida. Lakini mtu yule alichukua uadilifu wake akaufanya komeo la mlango wa kaka yangu, kisha akatutazama tumsifu kwa namna lilivyokaa vizuri. Nilitaka kuibeba meza ile na vikombe vyake niitupe motoni. Sikuibeba. Nilibaki nimekunja flaneli mikononi kama mjinga.

Thomasin akaanza kurudisha vifaa vyake kisandukuni, kimoja kimoja. "Macho yako sitayagusa, bwana."

"Hilo bamba ni mali yetu," Crale akasema. "Shaba tulitoa sisi."

"Libakie hapa. Mkono ni wangu."

"Na lile la zamani?" Sir Lambert akauliza.

"Lile ni la baba yangu."

Tukatoka. Thomasin alitembea mbele kwa kasi, na mimi nyuma nakimbilia, mpaka tukafika kwa mwanamke mmoja anayeuza chaza kando ya barabara. Hapo akasimama ghafla, mtu akampiga kikumbo, asimjali.

"Wifi, karatasi tunayo?"

"Ipo ya kutosha."

"Na wino?"

"Nitasaga."

"Basi nenda ukasage."

Tulilitoa bamba la mzee Pellow kutoka kwenye rafu, tukalisafisha kwa mafuta. Thomasin akaligeuza mwangani, akachonga mstari mmoja zaidi chini ya ule wa ridhaa, herufi zikienda kinyumenyume kama zinavyochongwa ili zitoke sawa karatasini. Nilipovuta chapa ya kwanza ndipo nilipousoma: *Kwa kuyasoma maneno haya kwa sauti, Silas Lorne, mshona viatu, yumo gerezani.*

"Ndiyo hivyo tu?" nikamwambia. "Mwekee pembe, wifi. Hata ndogo."

"Pembe kila mtu anachonga. Nikimwekea pembe atasema kasingiziwa. Namwacha alivyo."

Tukaning'iniza chapa dirishani asubuhi. Kufikia saa ya chakula cha mchana uchochoro ulikuwa haupitiki. Waliojua kusoma waliwasomea wasiojua, na wasiojua wakayarudia kwa sauti, mpaka muuza samaki mmoja mwenye mikono kama ya baharia akapanda kwenye ngazi yetu na kuwauliza wenzake, "Sasa nimeshayasema. Jela ni upande gani, niende mwenyewe au nisubiri kubebwa?"

"Subiri kubebwa," mwingine akamjibu, "ila wataleta mikokoteni miwili."

Watu wakaangua kicheko. Lakini hakikuwa kicheko cha furaha. Niliwaona namna walivyokuwa wakiitazama ile picha. Wengi wao walikuwa nayo nyumbani. Mzee mmoja mfumaji alisimama mbele ya kioo muda mrefu kisha akasema polepole, "Nilimpa mwanangu jina la huyu," akaondoka.

Crale alikuja na askari wa mtaa. Askari yule tulimjua, mtu mzima, mwenye miguu mibovu, hapendi kusumbuliwa. Akajipenyeza mpaka mlangoni.

"Mama Lorne, hii picha ya nani?"

"Ya Sir Lambert Oakshott."

"Na haya maneno?"

"Ya Sir Lambert Oakshott."

"Huu mstari wa mwisho je? Ni uongo?"

"Ni hukumu ya mahakama. Waulize."

Askari akakuna shingo, akamgeukia Crale. "Bwana, hapa nimkamate nani? Nikisema maneno ni ya uchochezi, si itabidi nianze na mwenyewe?"

"Twende," muuza samaki akasema. "Kwake tunapajua. Tutakushika mkono, usijikwae."

Masikio ya Crale yakawa mekundu kama nyama. Akaondoka bila kuruka madimbwi, akikanyaga humo humo na soksi zake.

Nilivuta mtambo mpaka mabega yakafa ganzi. Chapa zilipelekwa Bristol, zikapelekwa Norwich, zikabandikwa milangoni mwa makanisa na kwenye nguzo za masoko. Tulisikia kwamba mbunge mmoja wa upande wa pili aliitoa yake mfukoni Sir Lambert akiwa katikati ya hotuba, akaiinua juu bila kusema neno, na Bunge zima likacheka mpaka Sir Lambert akakaa. Siku hiyo tulikula nyama.

Wakaja mchana, siku ya soko. Walikuwa wanaume kama ishirini hivi, wamefunga utepe wa kifalme kwenye kofia, na pombe waliyokunywa tangu asubuhi kuna mtu aliilipia, maana watu wale hawakuwa na ya kwao. Walikuwa wakipiga kelele, adumu Mfalme, adumu Sir Lambert. Walivunja vioo kwanza. Kisha wakaingia. Karatasi zetu zote wakazimwaga barabarani, wino wakaupiga teke, na mtambo wakauvunja gurudumu kwa nguzo ya mlango wetu wenyewe. Kipande cha kioo kilimchana Thomasin paji la uso. Mimi walinisukumia kwenye kona ya Silas, nikaangukia viatu.

Mmoja wao alikuwa na nyundo ya mhunzi. Alilikuta bamba limelala kwenye kitanda cha mtambo, jeusi kwa wino, akaanza kulitwanga. Alitwanga shingo, akatwanga paji, akatwanga macho. Kila pigo alilisindikiza na salamu: adumu Sir Lambert.

Thomasin alikuwa ameegemea ukuta, mikono ameifumbata, damu inamshuka kwenye jicho. Akamwambia, "Piga vizuri, kaka. Ndiye huyo huyo unayemwombea maisha."

Yule mtu akasita. Akainama, akalitazama bamba, uso umegeuzwa kulia kushoto na nusu yake imeshabonyea. "Ni nani huyu?"

"Sir Lambert Oakshott."

Alilitazama tena. Niliona kabisa kwamba ameelewa. Kisha akainua nyundo akaendelea, kwa sababu mkono ulikuwa umeshazoea, na wenzake walikuwa wakimtazama.

Hatukumpata wa kumshtaki. Askari wetu mwenye miguu mibovu alisema siku hiyo alikuwa upande mwingine wa mji, na macho yake yalituomba tusimuulize zaidi. Mtambo tuliutengeneza nusu nusu. Bamba la mzee Pellow halikutengenezeka.

Silas alimaliza kifungo chake chote. Hakupunguziwa hata siku moja. Tulikuwa tumeambiwa atatoka jioni, wakamtoa asubuhi, basi akaja nyumbani peke yake kwa miguu, akipita kwenye maduka ya vitabu yaliyozunguka kanisa kuu. Aliingia, akasimama katikati ya chumba. Sauti ilikuwa imekwisha. Kilichotoka kilikuwa mnong'ono wa mtu aliyekabwa.

"Ulimchonga?" alimuuliza mkewe.

Ndivyo tulivyojua kwamba vitabu vimetoka. Nilikimbia kwenda kuona. Vilikuwa vimepangwa dirishani, ngozi ya ndama, kimoja kimefunguliwa ukurasa wa mbele. Wigi lile lilikuwa la wifi yangu, na joho, na kidevu. Macho yalikuwa yamefutwa na kuchongwa upya na mkono mwingine: laini, yana unyevunyevu, macho ya babu mwema. Na chini yake, kwa herufi nzuri ambazo Thomasin hakuzichonga: *Imechongwa na Thomasin Lorne.* Niliingia nikamwambia mwenye duka kwamba jina lile ni la wizi. Akanijibu kwa heshima zote kwamba jina lile, baada ya yale mambo ya dirishani, ndilo linalouza. Waungwana wanapenda kuona kwamba hata mke wa mchochezi amemsamehe.

Kumsamehe, eti. Nikarudi nyumbani. Nikawakuta wamekaa mbalimbali, Silas kwenye kiti chake cha zamani, Thomasin mezani kwake.

"Nilimchonga," Thomasin alikuwa akimwambia. "Macho si yangu. Mengine yote yangu. Nilidhani atakutoa."

"Usingefanya," Silas akanong'ona.

"Ningejua hayatazaa kitu, nisingefanya."

Silas akageuza uso. Siku ya kwanza hakusema naye, na siku ya pili hivyo hivyo, na mimi niliyemwita mwanamke yule hana haya ndiye niliyeshindwa kuvumilia. Niliweka bakuli la supu mbele ya kaka yangu kwa nguvu mpaka ikamwagika.

"Wewe umemwamini yule mtu tangu ujana wako," nikamwambia. "Huyu mwenzio kamwamini wiki chache tu, tena kwa ajili yako. Nani kati yenu ana deni la kuomba radhi?"

Silas alinitazama. Kifua kilianza kumtikisika, nikadhani ni kikohozi, nikakimbilia maji. Alikuwa anacheka. Kicheko kisicho na sauti, cha kutisha kidogo. Kisha akasukuma kiti chake mpaka kwenye meza ya mkewe, akauchukua mkono wake wa kuchongea na kuuweka juu ya goti lake, wakakaa hivyo.

Hakusoma tena kwa sauti, sauti haikurudi. Alishona viatu. Thomasin alichonga kadi za wauza chai na nembo za chupa za dawa, kazi zisizo na uso wa mtu. Waliishi, na si kila aliyetoka gereza lile aliishi.

Sir Lambert alikufa kitandani kwake, ameshiba siku. Wakubwa wa kanisa wakapita mitaani kutuomba tufunge maduka wakati maiti inapita, kwa heshima ya mtu aliyeipenda haki. Wengi walifunga. Mchana ule ule akaja kijana kutoka kwa yule mwenye duka la vitabu, akiwa na utepe mweusi mkononi, akitaka picha ya maombolezo. Alisema ichongwe na Bi Lorne, maana nchi nzima inajua mkono wake.

"Mwambie nina kazi," Thomasin akasema bila kuinua kichwa. Alikuwa anachonga samaki kwa ajili ya mtu anayeuza ndoana.

"Mama, wapo wengine watakaoichonga."

"Najua wapo."

Silas aliendelea kugonga soli. Kengele zilikuwa zimeanza. Nilichukua ufagio, nikafungua mlango wetu mpaka mwisho, nikatoka kwenye ngazi na kuanza kufagia kuelekea barabarani, vumbi la shaba, vumbi la ngozi na majivu ya meko, kwa nguvu zangu zote. Msafara ulikuwa unapita mwisho wa uchochoro, farasi weusi na wanaume wenye soksi nyeusi. Mmoja wao akasimama, akapangusa vumbi langu magotini, akaniambia, "Mama, tafadhali, kuna maiti."

"Naiona," nikamjibu. "Nafagia kwangu."